Matangazo ya kukataza kukopia nyimbo na filamu: mbinu zake ni zipi, na zinamugusa nani?

Mwaka 2004, katika inchi nyingi, watu walioingia ku sinema ao walioweka DVD ndani ya mashine walianza kupokelewa na tangazo fupi, lisilofika dakika moja. Binti ameketi mbele ya ordinatere, anavuta filamu ku intaneti. Mara picha inaruka: mwanaume anaiba gari, mwengine anachukua sakoshi ya mutu, mwengine anabeba televizyo. Maandishi makubwa yanamukumbusha mutazamaji kwamba yeye hawezi kuiba vitu kama hivyo. Kisha yanamuambia: kuvuta filamu bila kulipa ni wizi, na wizi sheria inaukataza. Tangazo lilitoka kwa shirika la makampuni makubwa ya filamu ya Marekani, pamoja na ofisi ya serikali ya Singapore inayosimamia haki za wabunifu.

Mukaaji wa Mweso hakuwa ndani ya hesabu ya watu wale. Huku muziki unatembea kwa flashi na kadi ya simu: mutu anapeleka simu pale wanapochajia, kijana mwenye ordinatere anamujazia nyimbo, anapewa franga kidogo, basi. Kadi ya benki ya kulipia wimbo ku intaneti, wengi hawana. Lakini maneno ya tangazo lile yamefika ata huku, na mutu akisikia kwamba yeye ni mwizi, ni vizuri ajue neno hilo limejengwa namna gani.

Mbinu ya kwanza ni kulinganisha. Mu Masisi mufano wa ng'ombe unafaa kuliko wa gari. Mwizi akipitisha ng'ombe usiku, asubuhi mwenyewe anabaki na kamba. Wimbo ukikopiwa, musanii bado anao. Kinachopotea ni franga ambazo labda angezipata. Hasara hiyo ni ya kweli, lakini si ya aina moja na ile ya ng'ombe, na tangazo linaruka tofauti hiyo bila kusema kitu. Mutazamaji anaisikia ndani ya moyo wake ata kama hawezi kuieleza, njo maana wengi waliishia kucheka tu.

Mwaka 2022 watafiti wawili wa Ufaransa, Gilles Grolleau na Luc Meunier, walichunguza matangazo ya namna hii. Waliona makosa yanayorudia. Kurundika sababu nyingi pamoja kunapunguza nguvu ya ile moja iliyo nzuri. Na kutangaza kwamba watu wengi sana wanakopia kunaleta kinyume: musikilizaji anajiambia, kumbe si mimi peke yangu, kila mutu anafanya.

Kuna pia jambo lililowaudhi watu wa kawaida sana. Tangazo lilikuwa ndani ya DVD za halali, na mara nyingi haikuwezekana kuliruka. Yaani aliyelipa njo aliyekuwa akigombezwa, na aliyekopia hakuliona, sababu wanaokopia walikuwa wakilikata.

Mbinu ya pili ni woga, na hiyo ni ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, makampuni ya muziki ya Uingereza yalichora kaseti yenye mifupa miwili iliyopishana, kama bendera ya maharamia wa bahari, wakisema kurekodi nyumbani kunaua muziki. Kaseti zilipita, muziki haukufa. Mwaka 2002 tangazo lingine la Uingereza lilienda mbali zaidi: kununua filamu ya bandia, lilisema, ni kulipia ugaidi. Halikutaja kikundi ata kimoja.

Wakaaji wa Masisi na Walikale wanajua mbinu hii kwa njia ingine. Mashirika ya Marekani yaliwaambia wanunuzi wa simu kwamba madini ya huku yanalipa wenye silaha. Tofauti ni kwamba hapo shida ilikuwa ya kweli na ilionekana. Lakini habari ndefu ilifupishwa mpaka ikabaki simu na muuaji, bila muchimbaji katikati. Julai 2010 Marekani ikatoa sheria ya Dodd-Frank, yenye kifungu 1502 juu ya madini hayo. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji wa mikono mu Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Waliokula kwa kazi hiyo walikaa miezi sita mikono mitupu.

Mbinu ya tatu ni kuonyesha musanii anayeumia. Hii iko na haki zaidi, lakini inataka franga zimufikie kweli. Ku Uholanzi, Melchior Rietveldt alitunga muziki mwaka 2006 kwa ajili ya tangazo la kukataza kukopia, litumike ku tamasha moja la filamu. Kisha akakuta muziki wake ndani ya DVD nyingi bila yeye kuulizwa wala kulipwa sawasawa, na kesi ikafika ku tribinali.

Kwetu, sheria ya haki za watungaji ni ya tarehe 5 Aprili 1986, na SOCODA, shirika la kukusanya malipo hayo, liliundwa mwaka 2011, kiti chake Kinshasa. Sheria haimuangalie kijana wa flashi peke yake: anayecheza nyimbo mbele ya watu, iwe nganda, hoteli ao redio, naye anapaswa kuwa na ruhusa. Wanamuziki wakubwa walijitafutia njia yao zamani: libanga, yaani tajiri analipa ili jina lake liitwe ndani ya wimbo. Wimbo huo ukikopiwa mara elfu, jina la tajiri linafika mbali, na hakuna anayelia.

Musanii kijana wa Masisi hana tajiri. Mara nyingi yeye mwenyewe njo anayepeleka wimbo wake kwa vijana wa kuchaji simu, akiwaomba wauweke kwa kila simu inayopita, ili siku ya konseri watu wawe wanamujua. Kumuambia mutu wa Mweso kwamba kubeba wimbo huo ni wizi ni kumukosea yeye, na musanii pia. Kumuambia kwamba kuingia ku konseri kwa mulango wa nyuma bila kulipa kunamunyima kijana huyo franga za kurudi studio, hilo atalielewa bila picha ya gari.