Jibu Moja Sahihi: Historia ya Maswali ya Kuchagua na Mtihani wa Wabajuni wa Koyama

Ikisiri

Maswali ya kuchagua jibu sahihi yamezoeleka kama nyenzo ya darasani. Makala hii inaifuatilia mantiki yake nje ya darasa, hadi kwenye mahojiano ya waomba hifadhi waliojitambulisha kuwa Wabajuni wa kusini mwa Somalia. Inadaiwa hapa kwamba jibu moja huwa halali pale tu lilipokwisha kujaribiwa kwa watu wanaojulikana kuwa na maarifa yanayopimwa. Kenya iliizingatia kanuni hiyo katika mtihani wa shule za msingi miaka ya 1970. Katika mahojiano ya hifadhi haikupewa uzito huo.

Chimbuko la swali lenye jibu moja

Swali la kuchagua jibu lilizaliwa kutokana na kutowaamini walimu. Frederick J. Kelly, aliyefundisha katika chuo cha ualimu cha Emporia, Kansas, alikuwa amechunguza jinsi walimu wanavyotofautiana katika kusahihisha kazi ileile, na mnamo 1914–1915 akatunga jaribio la kusoma kimya ambalo kila swali lake lilikuwa na jibu moja tu linalokubalika. Msahihishaji hakuachiwa hiari yoyote. Hata hivyo, hiari haikutoweka, bali ilihama kutoka kwa msahihishaji kwenda kwa mtunzi, ambaye mtahiniwa hamwoni wala hawezi kumuuliza.

Matokeo ya uhamisho huo yalidhihirika upesi. Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, takriban wanajeshi 1,700,000 walipewa majaribio yaliyoitwa Alpha na Beta. Katika Alpha, mtahiniwa aliulizwa Crisco ni kitu gani: dawa ya maradhi, dawa ya kuua viini, dawa ya meno, au chakula. Crisco ni mafuta ya kupikia yaliyokuwa yakiuzwa madukani Marekani. Mhamiaji aliyefika majuzi kutoka Sicilia alipolikosa swali hilo, alihesabiwa kuwa amepungukiwa na akili. Mwaka 1923 Carl Brigham aliyatumia matokeo ya majaribio hayo kudai kwamba wahamiaji wa Ulaya ya Kusini na Mashariki walikuwa duni kiakili. Mwaka 1930 aliyakana madai yake mwenyewe. Sheria ya kuzuia wahamiaji ilikuwa imekwisha kupitishwa mwaka 1924, na wanahistoria bado wanabishana kuhusu kiasi ambacho hoja zake ziliisaidia. Kwetu inatosha kutambua kwamba swali la kuchagua lilifika mpakani mapema sana.

Marekebisho ya Kenya

Mtihani wa kumaliza shule za msingi nchini Kenya, CPE, ulianza mwaka 1966, ukawa wa kuchagua majibu na wa kusahihishwa kwa mashine. Watahiniwa walikuwa wengi na nafasi za sekondari chache. Katika miaka ya 1970 H. C. A. Somerset na wenzake walianza kuyachambua maswali moja baada ya jingine: nani alilipata, nani alilikosa, na aliyelikosa alivutwa na kipotoshi kipi. Walibaini kwamba maswali mengi yalipima kumbukumbu tupu, na kwamba baadhi yake yalimpendelea mtoto wa mjini. Maswali ya kufikiri, yanayotokana na mambo ambayo mtoto wa kijijini huyaona, yakaongezwa, na shule zikapelekewa taarifa iliyoeleza makosa ya watahiniwa.

Kwa maoni yangu, jambo kubwa katika kazi hiyo lilikuwa namna ya kulitazama jibu lisilo sahihi. Kipotoshi kilichochaguliwa na watahiniwa wengi wenye uwezo kilikuwa ushahidi dhidi ya swali kabla ya kuwa ushahidi dhidi ya watahiniwa.

Koyama kama swali

Koyama ni mojawapo ya visiwa vilivyo kusini mwa Kismayo, pamoja na Ngumi, Chovai na Chula. Wakazi wake wa asili ni Wabajuni, na lugha yao ni Kibajuni, yaani Kitikuu, lahaja ya Kiswahili ya kaskazini kabisa ukiiacha Chimwini ya Barawa. Lahaja hiyo husemwa pia Faza, Kizingitini na Kiunga, upande wa Kenya. Mpaka unaowatenganisha watu hawa unatokana na Uingereza kuikabidhi Italia eneo la Jubaland mwaka 1925. Wavuvi waliendelea kuuvuka kwa kufuata kaskazi na kusi kama walivyofanya wazee wao.

Baada ya dola ya Somalia kusambaratika mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya kwa majahazi. Baadhi yao waliishi katika kambi ya Jomvu karibu na Mombasa, ambako watoto walikua wakisikia Kimvita kila siku. Wengine walifika Ulaya, na huko swali likawa moja: je, huyu ni Mbajuni wa Somalia au Mswahili wa Kenya?

Mahojiano ya hifadhi hayana herufi A hadi D, lakini mantiki yake ni ileile: afisa ana jibu mbele yake, na mwombaji hajui jibu hilo limetoka wapi. Mara nyingi lilitoka mbali. Ripoti kuhusu jamii ndogo za Somalia iliyoandaliwa kwa pamoja na Uingereza, Denmark na Uholanzi ilitokana na ziara ya Septemba 2000. Ziara yenyewe ilikuwa ya Nairobi. Maelezo ya kina kuhusu uvuvi wa Wabajuni yamo katika kitabu cha Vinigi Grottanelli cha mwaka 1955, ambamo tunasoma jinsi kasa walivyonaswa kwa kumtumia samaki anayejinata kwenye gamba. Ni kitabu cha thamani, lakini mtunzi anayeokota jibu humo anampima kijana aliyezaliwa mwaka 1985 kwa maarifa ya babu yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. “Watu wa Koyama hununua sukari wapi? A. Kismayo. B. Chula. C. Lamu. D. Mombasa.” Mtunzi aliye na ramani atachagua A. Lakini Kismayo ilibadilisha watawala mara kadhaa kuanzia 1991 hadi majeshi ya Kenya na washirika wake yalipoiingia mwaka 2012, na kuna miaka ambayo mtu mwenye busara asingeipeleka mashua yake huko. Vipotoshi vyote vinaweza kuwa majibu ya kweli ya mtu wa kweli. Hata mwanamke ambaye ununuzi ulifanywa na mumewe atajibu kwa kubahatisha. Kasoro iko katika shina la swali: halisemi mwaka gani wala ununuzi wa nani.

Upande wa lugha nao una mtego wake. Kibajuni hutumia dh mahali ambapo Kiswahili sanifu kina z, na husema ndia badala ya njia. Mwombaji aliyesailiwa na mkalimani wa Kiswahili sanifu huelekea kumfuata mkalimani wake, kwa adabu na kwa kutaka kueleweka. Kisha usanifu huo huo hugeuzwa kuwa hoja dhidi yake. Mwaka 2004 wanaisimu kadhaa walitoa miongozo iliyotahadharisha kwamba lugha humhusisha mtu na jamii alimokulia, na kwamba jamii hiyo haifuati mpaka wa nchi daima. Pamoja na hayo, katika shauri la RB mwaka 2010, lililohusu dai la Ubajuni, baraza la rufaa la Uingereza liliipa uzito mkubwa taarifa ya kampuni ya Sprakab ya Sweden. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, katika shauri la MN na KY, ilizikubali taarifa za aina hiyo kama ushahidi, ila ilisisitiza kwamba mchanganuzi wa lugha asitoe hukumu kuhusu ukweli wa mwombaji, na kwamba maoni yake kuhusu maarifa ya mahali yahitaji utaalamu uliothibitishwa.

Kinachowezekana

Hukumu hiyo inahusu anayejibu kama shahidi mtaalamu. Haimgusi mtunzi wa swali. Pengo hilo linazibika, na wataalamu wa kulifanyia kazi wapo katika ukanda wetu. Wabajuni wasio na shaka yoyote ya asili wanaishi Lamu na Mombasa, na wengine wao walizaliwa Koyama. Kila swali linalokusudiwa kutumika lingeweza kujaribiwa kwanza kwao, kwa lahaja yao, na majibu yakaandikwa kwa kutenganisha umri, jinsia na mwaka wa kuondoka kisiwani. Swali ambalo nusu ya watu hao wanalikosa liondolewe. Wa kuanza nao wawe wanawake wasioenda baharini na vijana waliokulia Jomvu, kwa kuwa hao ndio ambao mashina ya maswali yaliyopo hayawataji.