Kutoka sufuria ya shaba hadi kikaango kisichoshika kutu

Msikilizaji, kama utafika mtaa wa Mesaimeer, kusini mwa jiji la Doha, siku ya Ijumaa asubuhi, utakuta umati wa watu wakielekea mahali pamoja. Hapo pana eneo la makanisa lililojengwa juu ya ardhi iliyotolewa na Sheikh Hamad bin Khalifa Al Thani alipokuwa Amiri wa Qatar, na kanisa Katoliki la Bikira Maria wa Rozari liliwekwa wakfu hapo mwezi Machi mwaka 2008. Kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko nchini Qatar, ndiyo pia siku ya ibada kubwa. Miongoni mwa lugha zinazosikika nje baada ya ibada ni Kiswahili, kwani Wakenya, Waganda na Watanzania wanaofanya kazi katika nchi hiyo si haba.

Mazungumzo ya wafanyakazi ughaibuni huanzia mishahara na habari za nyumbani, na kwa wanawake wanaotumika majumbani hayakawii kufika jikoni. Na huko jikoni kuna chombo kimoja ambacho kimewatoa wengi machozi, nacho ni kikaango cheupe cha chuma kisichoshika kutu, au stenlesi kama wengi wanavyokiita. Msichana aliyejifunza upishi kwa sufuria ya alumini na jiko la makaa hukitia mafuta, akavunja yai, na yai likagandama kana kwamba limegundishwa kwa gundi. Akisugua kwa waya, kikaango hupata mikwaruzo. Akikiacha, hubaki na doa jeusi.

Jambo hili si la kuchekwa. Kwa mtu aliye katika mwezi wake wa kwanza ndani ya nyumba ya watu asiowajua, chombo kilichoungua kinaweza kuwa mwanzo wa karipio, na karipio likawa mwanzo wa makubwa zaidi. Sheria namba 15 ya mwaka 2017 ya Qatar iliweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku na mapumziko ya siku nzima kwa wiki kwa watumishi wa nyumbani. Lakini hakuna sheria inayomfundisha mtu kukaanga yai.

Ajabu ni kwamba neno analokuja nalo msichana huyo kutoka Mombasa au Tanga, neno sufuria, asili yake ni Kiarabu. Waarabu huita shaba nyeupe na nyekundu kwa neno sufr, na fundi wa vyombo vya shaba huitwa saffar. Baghdad kuna soko la mafundi hao, Suq as-Saffarin, na katika nchi za Ghuba zipo familia zinazoitwa Al-Saffar mpaka leo. Kwa hiyo sufuria, kwa maana yake ya kale, ni chombo cha shaba, na kwa mabibi zetu wa pwani kilikuwa kitu cha kutofautisha na chungu cha udongo. Chungu kilikuwa cha kila siku. Sufuria ilikuwa ya wenye nafasi, na ile kubwa ilitoka ghalani wakati wa harusi au matanga, ikapikiwa pilau au bokoboko. Bokoboko hiyo ya Unguja na Mombasa, ya ngano na nyama iliyopondwa, ndiyo harisi inayopikwa Qatar mwezi wa Ramadhani.

Shaba ina sifa moja isiyoshindwa kwa urahisi: hupitisha moto upesi na kuusambaza sawasawa. Ila ina kasoro ya hatari. Ikikutana na ukwaju, ndimu au siki huachia sumu ndani ya chakula, na ikiachwa hutoa kutu ya kijani. Ndiyo maana ndani yake hupakwa bati. Fundi huipasha sufuria moto, akainyunyizia unga wa nushadiri, kisha akayeyusha bati na kulisambaza kwa pamba kabla halijaganda. Bati hilo huisha kwa kukwanguliwa, na sufuria hurudishwa kwa fundi. Aliyeichelewesha aliwahatarisha watu wa nyumba yake.

Kisha ikaja alumini. Mwaka 1886 Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja peke yake, walivumbua njia ya kuitoa kwa umeme, na madini yaliyokuwa na thamani ya vito yakawa rahisi. Karne ya 20 ilipoendelea, sufuria nyepesi ya alumini isiyo na mkono iliitawala Afrika Mashariki nzima, ikachukua hata jina la ile ya shaba. Leo ukitaja sufuria Nairobi au Dar es Salaam, hakuna anayefikiria shaba. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, jijini Nairobi, wamejipatia sifa kwa ufundi wa mabati na vyuma, karai zikiwemo.

Kikaango kinachowasumbua watu wa Mesaimeer kina asili tofauti kabisa, nayo ni ya vita. Mwaka 1912 kampuni ya Krupp ya mji wa Essen, Ujerumani, iliomba hataza ya chuma kilichochanganywa na kromiamu na nikeli, kazi ya Benno Strauss na Eduard Maurer. Mwaka uliofuata, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Mwezi Agosti mwaka 1913 alipata mchanganyiko wenye kromiamu kiasi cha asilimia 12.8. Alipotaka kuuchunguza kwa darubini ilibidi kwanza aumwagie tindikali, na tindikali haikuuweza. Akaujaribu kwa siki na maji ya limau, vitu vya jikoni, na chuma kikabaki kiking'aa.

Brearley alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa tanuri za chuma, mzaliwa wa mji wenye sifa ya visu. Akaona mara moja kwamba biashara ilikuwa mezani, si katika bunduki. Mabwana wa viwanda hawakuona hivyo. Visu vya kwanza havikuwa na makali ya kutosha, na yeye akadhihakiwa kuwa mtu aliyebuni visu visivyokata. Aliyemsaidia ni Ernest Stuart, msimamizi katika kiwanda cha visu, na ndiye anayetajwa kuwa aliyekipa chuma hicho jina la kisichochafuka. Vita vya Kwanza vya Dunia vikakichukua chuma hicho kwa ajili ya injini za ndege, kwa hiyo jiko likasubiri hadi miaka ya 1920.

Siri yake ni ngozi. Kromiamu ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba mno usioonekana, nao huzuia kutu. Ukikwaruzwa, hujirudisha wenyewe. Hakuna haja ya fundi wa bati. Lakini kile ambacho shaba ilikuwa nacho, chuma hiki hakina. Huupitisha moto kwa uzito mkubwa, mara kumi na zaidi kuliko alumini. Palipo na mwali huungua, pembeni pakabaki baridi. Ndiyo sababu vikaango vizuri huwekewa tabaka la alumini au shaba chini au katikati. Kwa maoni ya mwandishi, kikaango chembamba cha stenlesi kisicho na tabaka hilo ni fedha iliyotupwa, hata king'ae namna gani.

Sasa yai. Mwaka 1756 daktari wa Kijerumani, Johann Gottlob Leidenfrost, aliandika kwa Kilatini kuhusu tone la maji alilolidondosha kwenye kijiko cha chuma kilichopata moto sana. Tone halikuchemka na kutoweka, bali lilitembea kama lulu, likiwa limebebwa na mvuke wake lenyewe. Mpishi anaweza kulitumia tone hilo. Pasha kikaango kikavu kwa moto wa wastani, dondosha maji. Yakipiga kelele na kukauka, bado. Yakikimbia kama zebaki, moto umefika. Punguza kidogo, futa maji, tia mafuta au samli, ndipo utie chakula, kisha uwe na subira. Kipande cha chewa, yule samaki ambaye Waqatari humwita hamour, hushika chuma mwanzoni na kukiachia chenyewe kikishapata rangi. Anayekibandua mapema humwacha nusu ya samaki kikaangoni. Kwa mkono uliozoea alumini, kusubiri huku ndiko kugumu kuliko yote.

Na kikiungua? Bibi zetu walisugua vyombo kwa jivu, mchanga na makumbi ya nazi. Makumbi na dodoki hayana neno hata hapa, ila mchanga na waya mkali huacha alama zisizofutika. Dawa ya ukoko ni maji. Mimina maji ya moto, tia kijiko cha magadi laini ya kuokea keki, chemsha kwa dakika chache, kisha kwangua kwa mwiko wa mti. Rangi za upinde wa mvua zinazotokea baada ya moto mkali si uchafu. Ni ule utando wa kromiamu uliozidi unene, na siki kidogo huziondoa. Yako mawili ya kuepuka. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isilazwe ndani ya chombo hiki, na chumvi isitiwe katika maji baridi ikaachwa itulie chini, kwa maana klorini iliyomo katika vyote viwili hutoboa utando huo na kuacha vitundu vidogo visivyozibika. Chumvi itiwe maji yakishachemka.

Mwandishi wa makala haya aliharibu kikaango chake cha kwanza kwa chumvi hiyo hiyo, si kwa moto. Vitundu vyake vipo bado, na chapati hupikwa humo kila Ijumaa.