Arobaini kwa Mia: Habari ya Bodi za Makampuni ya Norway

Norway ni nchi iliyojipatia sifa ya usawa mapema. Wanawake wake walipata haki ya kupiga kura sawa na wanaume mwaka 1913, kabla ya wenzao wa Uingereza na Ufaransa. Sheria ya usawa wa wanaume na wanawake ilitungwa mwaka 1978. Mwaka 1986 Gro Harlem Brundtland, mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa nchi ile, aliunda serikali ya watu 18, na katika hao 8 walikuwa wanawake. Dunia ilishangaa, Wanorway wenyewe wakazoea. Wanawake walijaa katika shule, katika hospitali na katika ofisi za serikali. Mgeni aliyeyaona hayo angedhani usawa umeingia kila mahali kama maji ya bamvua yaingiavyo kila hori. Lakini palikuwa na chumba kimoja ambacho maji hayo hayakukifikia, nacho ni kile wanachokutania wakurugenzi wa makampuni makubwa.

Bodi ya wakurugenzi si pambo. Ndiyo imwajiriyo meneja mkuu na ndiyo imwachishayo kazi; ndiyo ipimayo hesabu, na ndiyo iamuayo kama kiwanda kitapanuliwa au kitafungwa. Mwanzoni mwa mwaka 2002, katika makampuni ya Norway ambayo hisa zake huuzwa kwa umma, wanawake hawakufika 10 katika kila wakurugenzi mia. Hakuna sheria iliyowazuia. Mlango ulifungwa kwa desturi, nayo desturi ni komeo ambalo aliye ndani halioni. Kiti kilipokuwa wazi, waliopewa kazi ya kutafuta mtu wa kukikalia waliwataja watu waliosoma nao, waliofanya kazi nao, na waliowahi kukaa nao katika bodi nyingine. Sifa kuu iliyotakiwa ilikuwa kwamba mtu awe amekwisha kuwa meneja mkuu. Wanawake waliokuwa mameneja wakuu walikuwa wachache mno, kwa kuwa meneja huchaguliwa na bodi, na katika bodi wao hawakuwamo. Hivyo kila upande ulimsubiri mwenzake aanze, na hesabu ya mwaka mmoja ikafanana na ya mwaka uliotangulia bila ya kuwapo mtu wa kulaumiwa kwa jina.

Manung'uniko juu ya jambo hili yalikuwa ya zamani, na wazo la kutunga sheria lilikwisha kujadiliwa tangu mwaka 1999. Wenye makampuni walilisikia kama mtu asikiavyo habari ya mvua ya nchi jirani. Kilichowageuza shingo ni mahali ilipotoka sauti ya pili. Tarehe 22 Februari, 2002, Ansgar Gabrielsen, Waziri wa Biashara na Viwanda, alitangaza katika gazeti la VG kwamba amechoshwa na utawala wa wanaume watupu katika biashara, na kwamba yuko tayari kuweka sheria ili wanawake washike viti 40 kwa mia. Gabrielsen hakuwa mwana wa vyama vya wafanyakazi wala mtetezi mashuhuri wa wanawake. Alikuwa wa chama cha kihafidhina kiitwacho Høyre, ambacho wafanyabiashara walikihesabu kuwa nyumba yao, na ambacho kwa mazoea hakipendi serikali itie mkono katika mali ya mtu. Tena alisema maneno yale kabla ya kuwaarifu mawaziri wenzake. Kama angaliomba ruhusa kwanza, yamkini neno lile lingalilala mezani miezi na miezi. Sisemi kuwa hiyo ndiyo adabu ya uwaziri. Nasema kwamba safari hii ilifaa.

Hoja yake haikuwa ya huruma. Alishikilia kwamba jambo lile si la usawa hasa bali la kuzalisha mali: bodi ya watu wa namna moja huona mambo kwa jicho moja, na bodi ya watu wa namna mbalimbali huona zaidi. Hii ndiyo lugha ambayo wenye mali huipenda. Waziri alijua asemaye nao ni nani, akasema nao kwa lugha ya nyumbani kwao. Nitairudia hoja hii baadaye, kwa kuwa ilikuwa na nguvu kuliko hoja zote siku ile, na dhaifu kuliko zote siku za mbele.

Bunge la Norway lilipitisha sheria mwezi wa Desemba, 2003, kwa kura nyingi, chama cha Fremskrittspartiet kikipinga. Msomaji aangalie jinsi ilivyoandikwa. Haikutaja wanawake, ilitaja kila jinsia. Bodi ya watu watatu iwe na wanaume na wanawake pia; ya watu wanne au watano iwe na watu wawili au zaidi wa kila jinsia; ya watu tisa iwe na wanne au zaidi wa kila jinsia; ikizidi hapo, 40 kwa mia. Makampuni ya serikali hayakupewa muhula mrefu, yalianza mwaka 2004. Lakini makampuni ya watu wenye hisa yaliwekewa sharti ambalo sijaona mfano wake katika sheria nyingi. Waliambiwa: mkifika kiasi hiki kwa hiari yenu kabla ya tarehe 1 Julai, 2005, sheria hii haitawashika. Ilikuwa sheria iliyotungwa kwa matumaini kwamba haitatumika. Fimbo iliwekwa juu ya dari, na mtoto akaonyeshwa ilipo.

Wafanyabiashara waligawanyika katika majibu yao. Wengi walisema kwamba mwenye hisa ndiye mwenye haki ya kuchagua atakayemlindia mali yake, na serikali haina mlango hapo. Hoja hii ina uzito, lakini haikuwa safi kama ilivyotamkwa, maana tangu miaka ya 1970 sheria ya Norway iliwapa wafanyakazi wa makampuni makubwa haki ya kuchagua baadhi ya wakurugenzi. Mlango waliosema haupo walikuwa wameupita kwa zaidi ya miaka 25. Wengine walisema kwamba mwanamke atakayeingia kwa sheria atadharauliwa na wenziwe. Hili nalo si neno la kutupwa. Wanawake wengine wenye vyeo walilisema pia. Lakini jibu lililosikika zaidi ya yote, na lililosemwa kwa sauti ya upole kuliko yote, ni kwamba wenye makampuni wangependa sana kuwachagua wanawake, ila hawapatikani.

Ni jibu la kuangaliwa vizuri, kwa sababu si la uadui. Mtu asemaye "sitaki" hushindana nawe, na ushindani una mwisho. Mtu asemaye "ningependa, ila hawapo" amekwisha kukubali kila usemalo, wala habanduki alipo. Haki huikubali, faida huikubali, na mwaka unapita.

Shirikisho la waajiri wa Norway, NHO, lilipinga sheria. Hata hivyo mwaka 2003 shirikisho lile lile lilianzisha mafunzo yaliyoitwa Female Future. Makampuni yalitakiwa kuwatafuta wanawake wenye akili na bidii miongoni mwa wafanyakazi wao, kuwataja kwa majina, kuwalipia, na kuwapeleka wakafundishwe kazi ya bodi: kusoma hesabu, kujua wajibu wa mkurugenzi mbele ya sheria, kunena na kutetea neno katika mkutano. Kazi ya kuwatafuta waliifananisha na kupiga mbizi kutafuta lulu. Mfano huu ulikuwa wa kweli kuliko walivyokusudia. Lulu ilikuwapo chini siku zote. Aliyekosekana ni mzamiaji. Wakuu waliosema kwa miaka kuwa wanawake hawapatikani walipotakiwa kuandika majina, waliandika majina, na majina mengine yalikuwa ya watu waliopanda nao ngazi moja ya ofisi kila asubuhi.

Naona hapo ndipo ushawishi ulipoanza. Watu wengi husimulia habari hii kana kwamba maneno yalishindwa ndipo sheria ikaingia mahali pake. Mimi naisoma kinyume. Kabla ya sheria hapakuwa na mazungumzo. Palikuwa na risala upande mmoja na adabu upande wa pili. Sheria ilipotokea, swali likabadilika. Halikuwa tena kama wanawake wafaa, bali ni nani, na tumpate kabla jirani hajampata. Mwajiri aliyeshikwa na swali la pili hujifunza upesi mambo aliyokataa kuyasikia katika swali la kwanza.

Lakini hiari peke yake haikufika. Tarehe 1 Julai, 2005, ilipotimia, hesabu ilikuwa imepanda, nayo ilikuwa mbali sana na 40. Serikali ikatimiza neno lake: sheria ikashika nguvu mwanzoni mwa 2006, na makampuni yaliyokuwapo yakapewa miaka miwili. Karita Bekkemellem, waziri aliyekabidhiwa jambo hili katika serikali mpya ya Jens Stoltenberg, alisimama imara juu ya adhabu. Na adhabu ilikuwa kubwa: kampuni isiyo na bodi halali yaweza kuvunjwa kwa amri ya mahakama. Magazeti ya nchi nyingi yalilia kwamba huu ni ukali usio na kifani. Waliolia hawakuifungua sheria ya makampuni. Adhabu ile haikubuniwa kwa ajili ya wanawake. Ilikuwamo tangu zamani kwa kampuni yoyote ambayo bodi yake haikutimia kisheria. Wenye mali walikuwa wameishi nayo miaka yote bila ya kuilalamikia. Jipya lilikuwa moja tu, kwamba bodi ya wanaume watupu ilihesabiwa sasa miongoni mwa bodi zisizotimia.

Mwaka 2008 ulipoanza, makampuni kadhaa yalikuwa bado, yakapelekewa barua za onyo. Katika miezi michache yakatimiza. Hakuna kampuni hata moja iliyovunjwa. Mengine, ni kweli, yalijibadili yakawa makampuni binafsi, ambayo sheria haikuyagusa. Na ingawa si yote yaliyofanya hivyo kwa kuwakimbia wanawake, baadhi yake yalikimbia. Wanawake wachache walikalia viti vya bodi nyingi kwa wakati mmoja, na watu wakawapa jina la kejeli, sketi za dhahabu. Wanaume waliokuwa wakikalia bodi nyingi kwa miaka mingi hawakupewa jina la suruali yoyote.

Sasa nairudia hoja ya faida. Mwaka 2012 Kenneth Ahern na Amy Dittmar walichapisha utafiti uliosema kwamba tangazo la Gabrielsen liliangusha bei ya hisa za makampuni yasiyokuwa na wanawake, na kwamba thamani yao ilipungua miaka iliyofuata. Wapinzani wa sheria waliufurahia. Miaka kumi baadaye Espen Eckbo, Knut Nygaard na Karin Thorburn waliipima upya hesabu ile, wakaona kwamba hasara hiyo haithibitiki. Basi faida kubwa iliyoahidiwa haikuonekana wazi, na hasara kubwa iliyotabiriwa haikuonekana wazi. Aliyeshawishiwa kwa faida tupu afanye nini siku hiyo? Hoja ya faida hufungua mlango, lakini haifai kuachiwa nyumba. Ikiwa mwanamke amepewa kiti kwa sababu ataleta fedha, basi kila mwaka wa hasara ni kesi juu yake; na mwanamume aliyekaa kando yake hakuulizwa kamwe kama uanaume wake umeleta fedha ngapi. Gabrielsen alitumia chombo kilichofaa kwa kuvukia. Waliokitumia baadaye kama nyumba ya kuishi walijiletea taabu.

Jambo moja lilithibitika, nalo ndilo lililobishaniwa kuliko yote. Marianne Bertrand, Sandra Black, Sissel Jensen na Adriana Lleras-Muney, waliochunguza habari za wakurugenzi hao mmoja mmoja, walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kwamba wanawake walioingia baada ya sheria walikuwa na sifa zaidi ya wanawake waliokuwamo kabla yake. Hodhi halikukauka kwa kuchotwa. Maji yalikuja mazuri zaidi. Neno "hawapatikani" lilipimwa katika nchi nzima, likaonekana si kweli.

Utafiti huo huo ulileta habari nyingine isiyopendeza. Wanawake wa ngazi za chini katika makampuni yale hawakupata nafuu iliyoonekana: mishahara yao haikupanda kwa sababu ya sheria, wala vyeo vyao havikuongezeka. Waliodhani mwanamke mmoja akifika juu atawavuta wenziwe kwa kamba walikuwa wameharakisha mambo. Bodi hukutana mara chache kwa mwaka. Karani hukutana na bwana wake kila siku. Kiti cha meneja mkuu, ambacho sheria haikukitaja, kilibaki mikononi mwa wanaume katika makampuni mengi sana kwa miaka zaidi ya kumi baada ya 2008. Sheria ilifanya lile iliyoambiwa kufanya, na haikuzidisha hata inchi.

Nchi nyingine ziliifuata njia hiyo kwa mwendo wao. Ufaransa na Italia zilitunga sheria zao mwaka 2011, Ujerumani mwaka 2015, na Umoja wa Ulaya ukakubaliana mwaka 2022 juu ya 40 kwa mia kwa wakurugenzi wasio mameneja. Norway yenyewe ilirudi kazini Desemba 2023, ikatunga sheria inayoyashika makampuni binafsi makubwa na ya kati, kwa hatua kuanzia mwisho wa mwaka 2024 hadi 2028. Miongoni mwa milango iliyofungwa kwa sheria hiyo ni ule wa nyuma, ambao wale waliojibadili kabla ya 2008 walitokea.