Mapishi ya Kihindi ya akiba

Mapishi ya Kihindi ya akiba ni vyakula vya kila siku vinavyopikwa nyumbani, katika India na kwa jamii zenye asili ya huko, kwa kutumia vitu vinavyokaa muda mrefu kabatini: mikunde, mchele, unga, viungo, ukwaju, achari na papadi, yaani mikate myembamba mikavu ya unga wa mikunde. Siku hizi huongezwa vitu vya friza, hasa njegere na spinachi. Vyakula hivi havihitaji safari ya sokoni siku hiyohiyo, na vingi huiva ndani ya saa moja. Aliyeijua India kwa kuku wa tandoori na biriani za hotelini bado hajaonja chakula kinacholiwa katika nyumba nyingi jioni ya siku ya kazi, nacho ni wali au chapati, bakuli la dali, mboga moja, mtindi na achari kidogo pembeni.

Wengi hudhani chakula cha Kihindi ni kigumu kwa sababu viungo vyake ni vingi. Ugumu huo ni wa hoteli na karamu. Nyumbani mpishi hutumia viungo vitatu au vinne kwa chungu kimoja, na ustadi wake hupimwa kwa namna anavyovipitisha kwenye mafuta ya moto.

Kabati na majira

Msingi wa mapishi haya ni kalenda ya kilimo. Mvua za monsuni hunyesha sehemu kubwa ya India kuanzia Juni hadi Septemba. Zikishaisha, ngano, dengu na adesi hupandwa, zikavunwa kwenye Machi na Aprili, katika msimu uitwao rabi. Desturi ya nyumba zenye uwezo ilikuwa kununua ngano na mikunde ya mwaka mzima baada ya mavuno, wakati bei iko chini, kisha kuianika juani na kuifungia kwenye mapipa pamoja na majani makavu ya mwarobaini ili wadudu wasiingie. Mbaazi zilizopasuliwa husuguliwa kwa mafuta ya mbarika kwa sababu hiyohiyo. Hadi leo maduka ya Gujarat huuza mbaazi za mafuta na mbaazi kavu, na anayenunua za mafuta huziosha kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kuzipika.

Aprili na Mei ni miezi ya joto kali, na zamani ndipo dari za nyumba zilipogeuka kuwa kiwanda. Maembe mabichi yalikatwakatwa kwa ajili ya achari, papadi zikasukumwa na kuanikwa, na choroko zilizolowekwa zikasagwa, zikadondoshwa vitonge vidogo juu ya kitambaa hadi zikakauka kama kokoto. Vitonge hivyo, ambavyo Rajasthan huviita mangodi, hukaangwa kidogo na kutiwa kwenye mchuzi pale mboga za majani zinapokosekana.

Rajasthan ndilo jimbo lililoifikisha sanaa hii mbali zaidi. Sehemu yake ya magharibi ni jangwa la Thar, ambako maji na mboga mbichi vilikuwa adimu kwa karne nyingi. Wapishi wa huko hupika mchuzi kwa mtindi badala ya maji, na hutengeneza “mboga” kwa unga wa dengu: unga hukandwa kwa viungo, husokotwa vipande virefu, huchemshwa, hukatwa na kutiwa kwenye mchuzi wa mtindi. Chakula hicho huitwa gatte. Kingine ni ker sangri, mchanganyiko wa tunda dogo la kichaka cha jangwani na maganda ya mti wa khejri, vyote vikiwa vimekaushwa na kulowekwa tena. Hata papadi huvunjwavunjwa na kupikwa kama mboga. Mtu akitaka kujua kabati tupu la mboga linaweza kulisha vipi, aanzie Marwar, eneo la magharibi mwa Rajasthan.

Papadi yenyewe ina historia ya heshima. Tarehe 15 Machi 1959, wanawake saba wa mtaa wa Girgaon mjini Mumbai walianza kutengeneza papadi kwenye dari ya jengo lao kwa mkopo wa rupia 80. Kazi hiyo ikawa ushirika wa Lijjat, ambao leo una maelfu ya wanachama wanawake wanaosukuma papadi majumbani mwao na kugawana faida.

Dali na tadka

Dali ni mikunde iliyopasuliwa, na pia ni mchuzi unaopikwa kutokana nayo. Aina zinazotumika zaidi ni mbaazi (toor), adesi (masoor), choroko (moong), dengu (chana) na urad, ambayo ni ndugu wa choroko mwenye ganda jeusi. Msomaji wa Kenya akumbuke kuwa dengu zinazotajwa hapa ni zile kubwa za rangi ya kahawia au ya krimu, si ndengu za kijani. Adesi nyekundu zilizopasuliwa ndizo nyepesi kuliko zote. Hazihitaji kulowekwa, na huiva kwa dakika 20 hivi hata kwenye sufuria ya kawaida.

Dali ya kila siku hupikwa hivi. Glasi moja ya adesi au mbaazi huoshwa hadi maji yatoke safi, ikachemshwa kwa glasi tatu za maji na nusu kijiko cha chai cha manjano. Povu linalopanda huenguliwa. Ikishalainika hupondwa kwa mwiko au kwa kipekecho, na chumvi hutiwa. Hadi hapo ni uji mzito usio na ladha ya kusifika. Kinachoubadilisha ni tadka, ambayo Wagujarati huiita vaghar na watu wa Maharashtra huiita phodni. Samli vijiko viwili vya chakula huwekwa kwenye kikaango kidogo hadi ipate moto barabara, na kijiko cha binzari nyembamba, ambayo Zanzibar ni uzile, kikatiwa. Mbegu zikitiwa kwenye mafuta yenye moto wa kutosha huchachatika papo hapo, zikatoa mapovu madogo na kugeuka kahawia iliyokolea ndani ya nusu dakika. Zikigeuka nyeusi zimeungua, na dali nzima itakuwa chungu. Baada ya binzari hufuata vitunguu saumu vilivyokatwa, pilipili kavu moja au mbili, na chembe ya mvuje. Mafuta humiminwa juu ya dali yakiwa bado yanaunguruma, na sufuria hufunikwa mara moja ili harufu isipotee.

Sababu yake inaeleweka. Manukato mengi ya viungo huyeyuka vizuri zaidi katika mafuta kuliko katika maji, na joto la mafuta hupita kwa mbali nyuzi 100 za maji yanayochemka. Kwa hiyo mbegu hukaangika na kutoa harufu mpya ambayo kuchemsha hakuwezi kuitoa. Mvuje mbichi hunuka vibaya, lakini ukiingia kwenye samli ya moto harufu yake huwa kama ya vitunguu vilivyokaangwa. Ndiyo maana hupendwa na Wajaini, ambao dini yao huwakataza kula vitunguu na mizizi.

Kwa kubadilisha tadka, kabati moja hutoa dali za nchi nzima. Bengal hutumia mbegu tano zisizosagwa: binzari nyembamba, uwatu, habasoda, shamari na haradali. Gujarat huongeza sukari guru na ndimu, dali ikawa tamu na chachu kwa pamoja. Watamil hutia ukwaju, haradali na majani ya kari, ikawa sambar. Kaskazini huishia na unga wa embe bichi lililokaushwa, au majani makavu ya uwatu yaliyofikichwa kati ya viganja. Viungo vyote hivyo hukaa kwenye masala dabba, kopo la duara la chuma cha pua lenye vikombe vidogo saba ndani yake. Mtu anayeanza anahitaji vitano tu: binzari nyembamba, haradali, manjano, giligilani ya unga na pilipili ya unga. Mbegu nzima hudumu na harufu yake muda mrefu kuliko zilizosagwa, hivyo ni busara kununua nzima na kusaga kidogo kidogo.

Khichdi

Khichdi ni mchele na dali, kwa kawaida ya choroko, vilivyopikwa pamoja katika chungu kimoja hadi vikalainika. Ni miongoni mwa vyakula vya Kihindi vyenye kumbukumbu ndefu ya maandishi. Msafiri Ibn Battuta, ambaye alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 kabla ya kufika India, alieleza jinsi watu wa huko walivyopika choroko na mchele, wakatia samli na kula asubuhi. Mwishoni mwa karne ya 16 Abul Fazl, mwandishi wa baraza la mfalme Akbar, aliorodhesha khichdi katika kitabu chake Ain-i-Akbari, ikiwa na mchele, dali na samli kwa kiasi sawa. Hiyo ilikuwa khichdi ya ikulu. Ya nyumbani hutosheka na kijiko kimoja cha samli.

Mtoto anayeanza kula, mgonjwa anayepata nafuu na mzee asiye na meno wote hupewa khichdi. Bengal huila mvua inaponyesha, ikiwa na samaki au yai la kukaanga. Gujarat huila usiku pamoja na kadhi, mchuzi mwepesi wa mtindi na unga wa dengu. Faida yake si ya tumbo tu, kwani mchele una upungufu wa lisini, asidi ya amino ambayo mikunde inayo kwa wingi, na mikunde hupungukiwa na methionini ambayo mchele unayo. Vikiliwa pamoja protini yake hukamilika.

Unga wa dengu na vyakula vya haraka

Usiku ambao hakuna kitu kabisa, Maharashtra hupika pithla. Vitunguu hukaangwa kwa haradali, saumu, pilipili na manjano, kisha unga wa dengu uliokorogwa kwa maji humiminwa na kusongwa hadi uwe mzito. Ni kazi ya dakika kumi au kumi na tano. Huliwa na bhakri, mkate bapa wa unga wa mtama au uwele, na kwa asili ni chakula cha wakulima. Kwa maoni ya mwandishi, hakuna chakula kinachostahili zaidi kujulikana Afrika Mashariki, ambako mtama, vitunguu na unga wa dengu vyote vinapatikana.

Asubuhi ni zamu ya poha, mchele uliopondwa bapa unaofanana na pepeta ya pwani. Huoshwa tu hadi ulainike, ukachanganywa na tadka ya haradali, karanga, vitunguu na manjano, ukamalizwa kwa ndimu. Kusini hutumia semolina iliyokaangwa kavu kupika upma. Wali uliobaki hugeuzwa wali wa ndimu au wali wa mtindi, ila wali uliolala nje ya friji usitumiwe, maana bakteria aina ya Bacillus cereus huzaliana ndani yake na sumu yake haiondoki kwa kupasha moto.

Friza na sufuria ya presha

Friza ilikuta kabati limekwisha kujaa, ikawa nyongeza yake. Kaskazini mwa India njegere ni zao la majira ya baridi. Kati ya Desemba na Februari hushuka bei, na familia hukaa sebuleni zikimenya magunia. Punje hutumbukizwa kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, zikapozwa kwa maji ya barafu, zikakaushwa na kugandishwa kwenye mifuko. Kwa njia hiyo viazi kwa njegere, yaani aloo matar, hupikwa hata Julai. Njegere zilizogandishwa hutiwa mwishoni, dakika tano kabla ya kuepua, kwa kuwa zimekwisha kuiva nusu.

Spinachi iliyogandishwa hufaa sana kwa dali na kwa paniri, jibini laini la Kihindi. Majani ya kari, nazi iliyokunwa, na tangawizi na saumu zilizosagwa na kugandishwa kwenye trei ya barafu hutunza ladha yake vizuri. Dali iliyopikwa pia hugandishwa bila tatizo, mradi tadka ifanywe upya siku ya kula. Viazi vya kuchemsha havifai, kwani hutoka vikiwa na maji na chengachenga.

Mikunde mizima ndiyo iliyokombolewa na sufuria ya presha. Dengu hulowekwa saa nane hadi kumi na mbili, zikapikwa kwa presha. Mapishi mengi ya India hayataji dakika, hutaja filimbi: adesi filimbi mbili, dengu sita au zaidi, kwa kuwa sufuria za huko, kama Hawkins iliyoanza mwaka 1959, hupuliza mvuke kila presha inapojaa. Maharagwe mekundu ya rajma yana hadhari yake. Yana lektini inayosababisha kutapika, nayo haiishi kwa moto mdogo, hivyo lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi. Ya kopo yamekwisha kupikwa na huweza kutiwa moja kwa moja kwenye mchuzi wa vitunguu na nyanya.

Ughaibuni na Afrika Mashariki

Wahindi walioondoka kwao walibeba kabati hili. Madhur Jaffrey, aliyezaliwa Delhi mwaka 1933, alikuwa mwanafunzi wa uigizaji London asiyejua kupika. Alijifunza kwa barua za mama yake, na mwaka 1973 akachapisha An Invitation to Indian Cooking, kitabu kilichowafungulia wasomaji wengi wa Magharibi jiko la nyumbani.

Kwa Waswahili kabati hilo si geni. Chapati, achari, bajia na sambusa ni vyakula vya nyumbani pwani nzima, na biashara ya mikunde huenda pande zote mbili. Tanzania, Msumbiji na Malawi hulima mbaazi kwa ajili ya soko la India. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingizwa nchini humo, na bei ikaporomoka kwa wakulima wa Tanzania. Mwaka 2021 kikomo kiliondolewa. Sehemu ya dali inayopikwa leo Mumbai au Ahmedabad imetoka kwenye mashamba ya Lindi, Mtwara na Manyara.