MANENO YALIYOMO KATIKA MKWECHE

Msamiati wa gari uliingia katika Kiswahili kwa awamu, na njia nyepesi ya kuiona historia hiyo ni kulitazama gari likikongolewa. Hivi karibuni tulipata fursa hiyo uani mwa nyumba moja ya Dar es Salaam, ambamo mkweche uliokaa miaka mingi juu ya matofali ulikuwa ukitayarishwa kuuzwa.

Jina gari lenyewe lilitoka Bara Hindi. Usukani ulitoka baharini: nahodha aliushika kabla ya dereva kuwako. Parafujo ni urithi wa Wareno. Breki, gia, klachi na spana zilikuja na Waingereza, na Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967 lilimkuta fundi amekwisha kuyazoea maneno hayo. Mabaki yenyewe fundi huyaita skrepa. Nyaraka za Tanzania huandika chuma chakavu, na magazeti ya Kenya vyuma kuukuu. Hapo hatuoni ubaya wowote. Kukongoa, kitenzi cha zamani cha kung'oa misumari na kutenganisha vilivyoungwa, tungependa kirudi mahali pa kuvunja, kwani mwenye kuvunja haokoi vipuri.

Shida ilianza kwenye betri. Fundi alimwagiza msaidizi wake, kijana mdogo, amwage maji ya betri. Kijana aliyamwaga kwa mikono mitupu, na punde si punde alikuwa akililia maji ya bombani, ngozi ikimwaka. Kilichomwagwa kilikuwa asidi ya salfa. Jina hilohilo hutumika kwa maji yaliyokenekwa ambayo huongezwa katika betri, nayo hayamdhuru mtu ngozi. Kijana alilitii neno kama alivyolisikia, hatuwezi kumlaumu.

Ndani ya betri mna mabamba ya risasi. Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa jina la madini, lakini bunduki imeliteka. Tangazo lisemalo "jihadharini na risasi" litamfanya msomaji ainame, wala hatamfikiria mtoto achezaye penye majivu ya betri iliyoyeyushwa, ilhali sumu hiyo hudhuru ubongo wa mtoto. Mfasiri na aandike madini ya risasi, kila mara, hata kama sentensi itarefuka.

Tangi la petroli nalo huitwa tupu likiisha kumwagwa, kumbe mvuke uliosalia ndani ndio ulipukao likikatwa kwa moto wa gesi.

Pendekezo letu ni kwamba maji ya betri yabaki kuwa jina la maji, na kile kiunguzacho kiitwe asidi ya betri, katika vitabu vya ufundi na katika lebo za dukani. Fundi tulipomweleza alikubali upesi. Alituuliza tu kwa nini chupa aliyoinunua haikuandikwa neno hata moja la Kiswahili.