Manowari Iliyopita Tabora

Ndugu wasikilizaji, mwulizeni mtoto wa shule manowari ni nini. Atajibu mara moja: meli ya vita. Mkimwuliza neno lenyewe limetoka wapi, huenda akasema ni Kiarabu, kama bahari na safari. Sivyo. Ni Kiingereza kitupu. Mabaharia wa Uingereza waliita meli yenye mizinga "man-of-war", yaani mtu wa vita, nasi tukalichukua neno kwa matamshi yetu.

Hatukulipokea darasani. Katika karne ya 19 meli hizo zilizunguka pwani yetu zikikamata majahazi ya watumwa. Juni 1873 Sultani Barghash alikubali kulifunga soko la watumwa la Unguja baada ya Waingereza kutishia kukizingira kisiwa. Agosti 27, 1896 manowari za Waingereza hao hao zililipiga kasri ili kumng'oa Sayyid Khalid bin Barghash, na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia. Neno moja, sura mbili: mkombozi wa mtumwa, na mbabe mlangoni pa mwenyeji.

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora na pembe begani aliweza kuyasikia hayo Bagamoyo. Lakini akirudi kwao alijua manowari haitamfuata. Meli itapandaje Unyanyembe?

Ilipanda. Reli ya Kati, iliyofuata kwa sehemu kubwa nyayo za misafara, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Juu ya reli hiyo ikapita meli nzima iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000. Jina lake Graf von Götzen. Iliunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka huo huo manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamia katika delta ya Rufiji. Mizinga yake ikaopolewa, na mmoja ukafungwa juu ya Götzen. Zamani njia hii ilishusha pembe pwani. Sasa ilipandisha mzinga bara.

Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe isitekwe, baada ya kuipaka mitambo grisi nzito isile kutu. Septemba 19 Wabelgiji wakaingia Tabora. Waingereza waliiopoa baadaye, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ikibeba abiria na mizigo ya watu wa ziwani. Mwaka 1997 iliwarudisha kwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo.

Bodi ni ile ile, ndugu zangu. Iliyobeba mzinga ndiyo iliyobeba mama na mwanawe. Kilichobadilika ni aliyeituma na alichoituma kufanya.

Ndiyo maana naona Waingereza, bila kukusudia, walisema kweli walipoiita meli mtu. Sisi tulipolichukua neno, mtu alipotea ndani yake. Tunasikia chuma tu. Basi siku tukisoma kwamba manowari ya taifa fulani imetia nanga bandarini kwetu, tusiishie kuhesabu mizinga yake. Tumtafute mtu. Tuulize: nani kaituma, na kwa shughuli gani?

Kwaherini, hadi juma lijalo.