Walioitwa Wenye Bahati: Althea, Donna na Wenzao

Mwanzoni mwa Februari 1978, wimbo wa kundi la Wings uliokuwa umetawala chati ya Uingereza kwa wiki tisa uling'olewa na wasichana wawili kutoka Jamaika, Althea Forrest na Donna Reid. Mmoja alikuwa na miaka 17, mwenzake 18. Wimbo wao, "Uptown Top Ranking", ulikaa kileleni wiki moja. Tangu hapo huwekwa katika orodha za wasanii wa wimbo mmoja, kana kwamba waliokota bahati njiani. Sisi tunaona hukumu hiyo inawapunja.

Kwanza, wimbo huo ni jibu. Mdundo wake ni wa Alton Ellis, aliyerekodi "I'm Still in Love with You" pale Studio One mwaka 1967. Miaka kumi baadaye mtayarishaji Joe Gibbs na fundi mitambo wake, Errol Thompson, waliufufua kwa sauti ya Marcia Aitken. Kisha Trinity akaghani juu ya mdundo huo "Three Piece Suit", akijigamba kwa suti yake. Ndipo Althea na Donna wakamjibu: sasa anayesifia mavazi na mwendo wake ni mwanamke mwenyewe. Aliyekulia kwenye mipasho ya taarabu hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Pili, hawakuwa sauti za kukodiwa. Majina yao yamo kwenye utunzi pamoja na la Thompson. Tena waliimba Kipatwa cha Jamaika bila kukilainisha ili kiwaridhishe wageni. John Peel wa BBC alipoupiga redioni, wasikilizaji wengi hawakuelewa maneno yote, lakini waliununua. Kwa chama cha lugha kama chetu, hilo si jambo dogo.

Upande wa soul nako hali ni hiyo hiyo. Etta James na Sugar Pie DeSanto, waliofahamiana tangu utotoni huko San Francisco, walitoa "In the Basement" mwaka 1966 chini ya kampuni ya Chess ya Chicago. Leo Etta hukumbukwa kwa nyimbo alizoimba peke yake, na Sugar Pie hutajwa pembeni. The Soul Sisters nao walitoa "I Can't Stand It" mwaka 1964. Mwaka huohuo Spencer Davis Group, vijana wa kiume wa Birmingham, wakaurekodi upya.

Kwa nini husahaulika? Tunaona sababu moja kubwa ni namna biashara ilivyopangwa. Kule Jamaika, mtayarishaji ndiye aliyeushika mdundo, na mdundo mmoja uliweza kubebeshwa sauti nyingi. Mwimbaji alipita, mdundo ukabaki. Mwaka 2004 Sean Paul na Sasha waliurudisha mdundo huohuo wa Ellis kwenye chati, na kizazi chetu kikaujua kwa jina la Sean Paul.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama na walimu wetu jambo moja. Tunapoandika au kufundisha historia ya muziki wa watu weusi hapa Uingereza, tusiishie kwenye jina la wimbo. Tuwataje Althea Forrest na Donna Reid, wote wawili, tena kama watunzi.